Je, wajua kwa nini teria hatulii hata ukimkimbiza jioni nzima?

Watu wengi hapa Dar wakitafuta mbwa wa kukaa naye nyumbani wanaanza na ukubwa. Nyumba ni ya kupanga, uani kuna tangi la maji na kamba za nguo basi, kwa hiyo hesabu inakuja yenyewe: German shepherd hapana, Boerboel hapana kabisa, hebu tuchukue kale kadogo keupe kenye mabaka ya kahawia, Jack Russell, mmoja wa wale mbwa wa kuwinda wanaoitwa teria (terrier), kana kilo 6 au 7 tu, kanalala hata chini ya kochi. Miezi ikipita kadogo kameshachimba chini ya geti, kameua kuku wa jirani na kanabwekea kila bodaboda, na hapo ndo linakuja wazo la pili, kwamba mbwa ana nguvu nyingi mno kwa hiyo akimbizwe mpaka achoke. Anapelekwa ufukweni kila jioni, anakimbia mpaka ulimi unaning'inia, anarudi, anakunywa maji, anajilaza kidogo, afu yuko tena pale pale chini ya geti anachimba.

Mawazo yote mawili yanakosea, na yanakosea sehemu moja: yanampima mbwa kwa mwili. Teria ukimpima kwa kilo utadanganyika na ukimpima kwa mbio utadanganyika zaidi, inabidi uangalie kazi aliyozalishiwa.

Kazi yenyewe kwa kifupi. Teria wengi wametoka Uingereza, walizalishwa kuua panya na kuwafuata mbweha mpaka ndani ya mashimo yao. Jack Russell amepewa jina la mchungaji wa kanisa, John Russell, aliyezaliwa 1795 na kufariki 1883, mtu wa Devon aliyependa kuwinda mbweha kupita kiasi, na inasimuliwa kwamba mwaka 1819 akiwa bado mwanafunzi Oxford alinunua jike mweupe aitwaye Trump kutoka kwa muuza maziwa, ndo ukoo ukaanzia hapo. Ule weupe nao una sababu: mbwa akitoka shimoni sambamba na mbweha, wawindaji na mbwa wengine wamtofautishe haraka. Hata teria wa Yorkshire, huyu wa manyoya marefu anayefungwa utepe kichwani, karne ya 19 alikuwa anakamata panya kwenye viwanda vya nguo. Na London mwaka 1823 kuna teria mmoja mchanganyiko na bulldog, jina lake Billy, aliingizwa uwanjani na panya 100 akawamaliza kwa dakika 5 na nusu, mashindano ya kikatili na siku hizi yamepigwa marufuku, ila yanakuonyesha ndani ya mbwa hawa kuna nini.

Sasa twende kwenye kiini. Mnyama anayewinda ana hatua zake: ananusa na kutafuta, anakodolea macho, ananyatia, anakimbiza, anakamata kwa meno, anaua, mwisho anararua. Mbwa mwitu anazo zote. Binadamu alipozalisha mbwa kwa kazi mbalimbali hakuongeza hatua mpya, alichofanya ni kuzikuza baadhi na kuzififisha nyingine.

Fikiria daladala ya kutoka Mbezi kwenda Kariakoo. Mbezi ndo kunusa na kutafuta, Kimara kukodolea, Ubungo kunyatia, Manzese kukimbiza, Magomeni kukamata, na Kariakoo ndo kuua. Mbwa wa kuchunga kondoo kama border collie ameumbwa apande na ashukie Manzese: anakodoa, ananyatia, anakimbiza, basi, akiendelea mpaka Magomeni mwenye kondoo amepata hasara. Labrador anashuka Magomeni, anakamata ndege aliyepigwa risasi na kumleta bila kumtafuna. Mbwa wa kulinda mifugo, wale wakubwa wanaolala katikati ya kondoo, karibu hata hawapandi. Teria yeye nauli yake ni ya Kariakoo. Akishapanda Mbezi anataka afike mwisho wa safari, pale anapomshika panya shingoni na kumtikisa kwa nguvu mpaka uti unavunjika, na hii ya kutikisa sijawahi kuona mtu anamfundisha mtoto wa teria, mpe kitambaa cha jikoni tu uone.

Sasa ukimtoa ufukweni akakimbia kwenda na kurudi umefanya nini? Umempandisha gari Ubungo ukamshusha Manzese, ukamrudisha Ubungo, ukamshusha Manzese, mara nyingi tu. Miguu imechoka kweli lakini hajafika alikokuwa anaenda. Na kurusha mpira nako ni vilevile, tena kuna wanaochangamka zaidi badala ya kutulia kwa sababu kila mpira unaanzisha safari mpya ambayo haina mwisho. Ongeza na hili, kwamba mazoezi ya kila siku yanajenga pumzi na misuli, kwa mbwa kama kwa mwanariadha, kwa hiyo anayekimbizwa kilomita kadhaa kila jioni baada ya muda zile kilomita hazimtoshi tena, umejitengenezea mbwa mwenye stamina kuliko wewe na bado anachimba geti.

Na lile swali la ukubwa linajibika hapohapo. Udogo wa teria sio dalili ya mahitaji madogo, udogo ni kifaa cha kazi. Kifua kinatakiwa kipite kwenye shimo la mbweha, ndo maana watu wa Jack Russell mpaka leo wanampima kifua kwa viganja viwili, kama hakishikiki ni kipana mno. Ndani ya kile kimwili kuna mbwa aliyekusudiwa kukabiliana gizani na mnyama anayelingana naye, peke yake. Neno peke yake ni la kuangalia sana. Mchunga kondoo anamwangalia bosi wake muda wote anasubiri mluzi, lakini teria akiwa chini ya ardhi hakuna bosi, hakuna amri inayosikika, anaamua mwenyewe. Na anabweka ili watu walioko juu wajue yuko wapi wachimbe. Kwa hiyo mambo matatu ambayo watu wanayaita tabia mbaya, kuchimba, kubweka na kutosikia akiitwa, ndo sifa tatu alizochaguliwa nazo kizazi baada ya kizazi. Mtu anayesema teria wake ni mjeuri namwelewa, lakini ule sio ujeuri, anafanya kazi yake mahali ambapo hakuna aliyemtuma.

Kinachomtuliza basi ni kumpa safari nzima, hata kama panya ni wa bandia. Chakula usimwekee kwenye bakuli kila siku, kifiche: kwenye boksi lililojaa magazeti, chini ya makopo, kwenye kona ya uani, atafute kwa pua. Pua inamchosha kwa namna ambayo miguu haimchoshi. Kisha kamba au kipande cha jinzi chakavu kilichofungwa fundo, mvutane, akikamata mwache atikise, huku umemfundisha kuachia kwa amri, hiyo ndo Magomeni mpaka Kariakoo bila kuku wa mtu kufa. Na kuchimba mpe pake: tairi kubwa au kona yenye mchanga, unazika mfupa au kitu anachopenda, akichimba pengine unamhamishia pale. Dakika 15 za hivi asubuhi na 15 jioni, ukiongeza na matembezi ya kawaida ya kunusanusa, kwa teria wengi zina faida kuliko saa nzima ya mpira. Wengi nasema, sio wote.

Kwa Dar yapo mambo ya kwetu ambayo vitabu vya Ulaya haviyagusi sana, na haya ndo yanaamua kama atakufaa.

La kwanza ni udongo. Sehemu kubwa ya mji huu ni mchanga, na kwa mbwa wa kuchimba hakuna raha kama hiyo. Fensi ya bati au ya michongoma haimzuii, geti lenye nafasi chini halimzuii, labda umwage zege pale chini au uzike wavu wa chuma.

La pili panya, na hapa wapenzi wa teria wanafurahi mapema mno. Ni kweli atawakamata. Lakini jirani ameweka sumu, na baadhi ya sumu za panya zinazuia damu kuganda, panya haanguki siku hiyohiyo, anakuwa mzito, anatembea ovyo mchana, yaani ndo panya rahisi kuliko wote kwa teria. Mbwa akimla naye anaweza kupata sumu, akitoka damu puani au fizi zikiwa nyeupe ni kumkimbiza kwa daktari wa mifugo bila kusubiri kesho, dawa ipo ila inataka kuwahi. Halafu kuna leptospira, bakteria wa kwenye mkojo wa panya, ndo wale wa homa ya mgunda iliyozuka Lindi mwaka 2022, wanampata mbwa na wanampata binadamu pia. Chanjo ya mbwa ipo, muulizie daktari pamoja na ile ya kichaa cha mbwa ambayo haina mjadala. Na kama unaishi Madale, Kigamboni au popote penye vichaka, jua kwamba mbwa wengi wakiona nyoka wanarudi nyuma wakibweka ila teria anaenda mbele. Kwa swila hiyo ni hatari kubwa.

La tatu joto. Mbwa hapoi kwa jasho la mwili kama sisi, anahema, na kuhema kunapoza kwa sababu mate na unyevu wa mdomoni unakauka. Hewa ya Dar mwezi wa Januari au Februari yenyewe imeshajaa unyevu, kwa hiyo haukauki vizuri na joto linabaki ndani. Wengine wakizidiwa wanakaa chini, teria akiwa na shughuli hakai. Joto la kawaida la mbwa ni kama 38.5, likipita 41 viungo vinaanza kuharibika. Kwa hiyo mtoe saa 12 asubuhi au baada ya saa 12 jioni, na mchezo umalize wewe, usimsubiri yeye achoke.

La nne, na naliona ndo zito kuliko yote, ni watu. Nyumba nyingi zetu uani ni pa wote. Mpangaji mwenzako huenda ni Muislamu wa madhehebu ya Shafii kama wengi wa huku pwani, kwake mate ya mbwa ni najisi, yakimgusa anaosha mara 7 na mara moja katika hizo kwa udongo, na teria furaha yake kubwa ni kumrukia mgeni na kumlamba. Kuna mama anafuga kuku wa kienyeji hapo dirishani. Kuna watoto wadogo wanaokimbia wakipiga kelele, na kitu kidogo kinachokimbia kikipiga kelele kinamwamsha teria vibaya, sio kwamba ni mkali kwa watoto, wengi wanapendana nao sana, ila asiachwe peke yake na mtoto anayetambaa. Halafu swali ambalo familia hazijiulizi: mchana nani yupo? Kama wazazi wanatoka saa 11 alfajiri kukwepa foleni na kurudi saa 2 usiku, mbwa ni wa dada wa kazi, na kama dada anaogopa mbwa au hajaulizwa kabisa basi jibu mnalo tayari. Mbwa wa namna hii akifungwa bandani saa 15 anabweka mpaka mtaa mzima unawajua.

Sasa nisikupeleke mbali zaidi ya ushahidi unavyoruhusu. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti wa mbwa zaidi ya 18,000, na ukaonyesha kwamba aina ya mbwa inaeleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Tabia zilitokana na majibu ya wenye mbwa wenyewe, tena wengi wao wa Marekani, kwa hiyo chukua kwa tahadhari, lakini maana yake ni kwamba kuna teria wanaolala mchana kutwa na kuna koko wanaochimba kama mitambo. Hatua za uwindaji nilizoeleza ni mwelekeo wa ukoo mzima, sio hati ya mbwa uliyemshika mkononi.

Ndo maana ushauri wangu kwa anayesita ni kuachana na mtoto wa wiki 8 anayeuzwa kwa picha ya simu, atafute mkubwa wa miaka 3 au 4 ambaye mwenye naye anahama au amemshindwa. Huyo tabia zake zimeshaonekana. Uliza amewahi kukaa na kuku, akiachwa peke yake anafanyaje, mgeni akigonga geti inakuwaje, afu omba akae kwenu wikiendi moja wapangaji wote wakiwepo na dada akiwepo. Na muulizane pia nani atakuwa naye baadaye, kwa sababu utafiti wa Uingereza wa mwaka 2022 uliwakuta Jack Russell ndo wanaoishi muda mrefu kuliko aina zote zilizopimwa, wastani wa miaka 12.7, wakati French bulldog walikuwa na 4.5. Mtoto wenu anayeanza darasa la kwanza leo anaweza kuingia sekondari na mbwa bado yupo uani anachimba.