Je, wajua kwa nini "kitanda cha mninga 5 kwa 6" kinauza kuliko "fanicha"?

Seremala wa Keko, Dar es Salaam, akifungua tovuti na kutegemea neno moja tu, "fanicha", amejipanga foleni moja na maduka makubwa na masoko yote ya mtandaoni. Hatoki ukurasa wa tano wa matokeo ya Google. Anayeandika "fanicha" hajasema anataka nini: huenda anasaka picha tu, au kiti cha ofisi. Kwa swali pana namna hiyo, Google huelekea kutanguliza tovuti zinazotajwa na kuunganishwa na nyingine nyingi. Wazo la kupima ukurasa kwa viungo (links) kutoka tovuti nyingine ndilo iliyoanza nalo mwaka 1998, na viungo bado vina uzito.

Sasa chukua aliyeandika "kitanda cha mninga 5 kwa 6 bei Dar". Huyu ameshapima chumba, mbao ameshachagua, kilichobaki ni pesa kutoka mfukoni. Na washindani hapa ni wachache. Injini ya utafutaji haizunguki intaneti nzima pale unapobonyeza. Inafungua faharasa iliyokwisha kuiandaa, inayoonyesha kila neno limo katika kurasa zipi. Kurasa zenye "kitanda" hazihesabiki. Zenye kitanda, mninga, kipimo na mji kwa pamoja ni za kuokoteza.

Watafutaji wa kila kirai kirefu, yaani fungu la maneno kama hilo la mninga, ni wachache, kweli, lakini virai vyenyewe ni vingi mno. Google imesema mara kadhaa kwamba takriban asilimia 15 ya maswali inayopokea kila siku haijawahi kuyaona.

Virai hivyo vinapatikana wapi? Mimi ningeanza na WhatsApp ya dukani. "Mna 6 kwa 6?" "Ni mninga au mkongo?" "Mnaleta mpaka Mbagala?" Hivyo ndivyo wateja wanavyoandika hata Google. Mwenye duka anaandika "samani za kisasa", mteja anatafuta "makochi". Kisha tazama Search Console, zana ya bure ya Google kwa wenye tovuti, ikuonyeshe watu walikupata kwa maneno gani.

Kirai kikae kwenye kichwa cha ukurasa na ndani ya maelezo, kwa lugha ya kawaida. Kukirudia mara hamsini ni ujanja wa zamani unaoweza kukushusha. Ile sehemu ya "keywords" iliyofichwa ndani ya msimbo wa ukurasa nayo, Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo. Fundi wa tovuti akikutoza hela kuijaza, zuia mfuko wako. Wala usitengeneze kurasa kumi kwa "kitanda cha mninga" na "vitanda vya mninga". Mmoja uliojaa unatosha.

Na kama kirai chako kina "bei", weka bei. Mtu kaandika "bei", kafungua ukurasa, kakuta "njoo inbox": anarudi nyuma na kubonyeza duka linalofuata.