Warsha, semina na karakana

Juzi kijana mmoja anayetafuta kazi ya usalama wa mtandao alinionyesha vyeti vyake vinne, vyote vya "warsha kwa vitendo". Nikamuuliza alifanya nini katika ile ya mwisho. Akanijibu kwa uaminifu kabisa: walikaa siku mbili, wakatazama slaidi, mkufunzi akaonyesha udukuzi kwenye kompyuta yake yeye mkufunzi, kisha wakapiga picha ya pamoja. Laptopu ya kijana haikutoka mkobani. Simlaumu hata kidogo, kwa kuwa aliitiwa warsha naye akaitika. Ila nimelisikia neno hili likitumiwa hivyo mara nyingi mno, na leo nimeona nilisemee.

Maana yenyewe ni fupi. Warsha ya usalama wa mtandao ni mafunzo ya muda mfupi ambamo kila mshiriki anaifanya kazi kwa mikono yake, kwenye mfumo ulioandaliwa ushambuliwe na ulindwe, akiangaliwa na mtu anayeijua kazi hiyo. Inamfaa anayeanza na inamfaa aliye kazini. Basi.

Sasa tulitazame neno. Warsha tumelichukua katika Kiarabu, na huko mpaka leo ni mahali pa fundi: pa seremala, pa mfua vyuma, pa kutengenezea magari. Jirani yake ni karakana, iliyotoka Kiajemi: kar ni kazi, khana ni nyumba. Maneno yote mawili yananukia vumbi la mbao na grisi. Semina imetoka kwingine kabisa. Asili yake ni Kilatini, seminarium, yaani kitalu, mahali pa kuoteshea miche, na ndani yake mna semen, mbegu. Kwa hiyo semina hupanda. Ni jambo jema, wala silidharau, lakini kilichopandwa huota baadaye, mtu akisharudi kwake na kukimwagilia mwenyewe. Warshani huingia na mbao ukatoka na kiti, hata kama mguu mmoja umepinda. Kongamano ndilo lisilosumbua mtu: watu wamekongamana, na jina linasema hivyo hivyo.

Tuna pia neno mwanagenzi, ambalo natamani lirudi kwenye fani hii. Mwanagenzi wa useremala hukabidhiwa randa siku za mwanzo, anaharibu ubao, anapewa ubao mwingine. Katika usalama wa mtandao ubao huo upo tayari, na ni wa bure. Metasploitable ni mashine pepe, yaani kompyuta inayoendeshwa kama programu ndani ya kompyuta nyingine, iliyojazwa udhaifu kwa makusudi. Juice Shop ya OWASP, jumuiya ya usalama wa programu, ni duka la mtandaoni lililotobolewa kila upande ili watu wajifunzie. Unaviweka kwenye mtandao uliotengwa, unahifadhi hali ya mashine kabla ya kuanza, na mshiriki akiivuruga unairudisha ilivyokuwa kwa dakika chache. Utengaji huo ni wa lazima. Kujaribia zana hizi kwenye mfumo wa mtu asiyekupa ruhusa ni kosa la jinai katika nchi nyingi, na mkufunzi asiyelisema hilo mapema anawaweka wanafunzi wake hatarini.

Chukua somo la kupenyeza amri za SQL, lugha ya kuziagizia hifadhidata. Kwenye semina utaambiwa kwamba tovuti isipotenganisha maandishi ya mtumiaji na amri za hifadhidata, mshambuliaji anaweza kuingia bila nywila. Utaandika, utaelewa. Warshani unaweka alama moja ya kunukuu kwenye kisanduku cha jina, na ukurasa unakurudishia kosa la hifadhidata. Hapo unaona kwa macho yako kwamba alama yako imetoka kwenye kisanduku na kuingia ndani ya amri. Unajaribu ' OR '1'='1, pengine inakataa, unagundua kuna kipande cha amri kilichobaki nyuma yake, unakizima kwa alama za maoni, zinazoifanya hifadhidata ipuuze yanayofuata, mlango unafunguka. Kisha, na hapa ndipo wengi hukatisha, unafungua msimbo wenyewe na kuurekebisha kwa swali lililotayarishwa, ambalo hupokea maandishi ya mtumiaji kama data tu. Unarudia shambulio lako na linagonga ukuta. Umetoboa, umeziba, umehakikisha.

Lakini kuna upotoshaji wa pili, na huu ndio unaoniudhi zaidi kwa sababu unafanana sana na warsha. Kompyuta zote zimewashwa. Kila mtu ana karatasi ya amri. Mkufunzi anasema "andikeni mstari wa tatu", wote wanaandika, wote wanapata jibu lile lile kwa wakati mmoja. Hiyo ni imla. Vidole vimefanya kazi, akili imepumzika, na kesho mashine ikijibu tofauti na karatasi, mtu hana pa kushika.

Mfano: unamwelekeza mshiriki aikague mashine fulani kwa Nmap, zana ya kukagua mashine zilizo kwenye mtandao, na Nmap inamjibu kwamba mashine haipo hewani. Kumbe ipo. Kwa kawaida Nmap hubisha hodi kwanza kabla ya kuikagua milango, yaani namba ambazo huduma za mashine husikilizia, na ukuta wa moto (kichujio cha mawasiliano) wa mashine hii umeamriwa usiitikie hodi. Kwenye imla mkufunzi angekwishaandika -Pn, chaguo la kuiambia Nmap isibishe hodi, kwenye karatasi na jambo lingepita bila mtu kulijua. Kwenye warsha anamwacha mshiriki ahangaike dakika kumi, asome maelezo ya zana, alipate chaguo hilo mwenyewe na aelewe linaruka hatua gani. Halafu anagundua tatizo jingine: huduma anayoitafuta haionekani. Nmap isipoagizwa vinginevyo hukagua milango 1,000 inayotumika zaidi, ilhali milango ya TCP (kanuni ya mawasiliano ya mtandaoni) inafika namba 65,535. Huduma ilikuwa imejificha mbali. Kosa hilo, lililofanyika mahali salama, atalikumbuka miaka.

Walio kazini nao wanahitaji nafasi hii ya kukosea, pengine kuliko wanaoanza. Mchambuzi mwenye miaka mitano kazini hahitaji kuelezwa pakiti ni nini. Mpe faili la trafiki ya mtandao, afungue Wireshark, programu ya kuisomea trafiki hiyo, na umwambie tu kwamba ndani yake kuna kompyuta moja inayowasiliana na mashine ya nje kila baada ya sekunde sitini. Aitafute, aeleze anaijuaje, na aseme ataitenga vipi bila kufuta ushahidi.

Warsha isichanganywe na vitu viwili vilivyo jirani. Mashindano ya kunasa bendera, ya kudukua mifumo ili kupata alama zilizofichwa, ambayo DEF CON, mkutano wa wadukuzi wa Marekani, imeyaendesha tangu 1996, yana mikono mingi na makosa mengi, lakini hayana fundi anayesimama nyuma yako. Ni mashindano, yaitwe hivyo. Na zoezi la mezani, ambalo viongozi hukaa wakajadili "tukivamiwa tutafanya nini", ni majadiliano. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ililiweka wazi hilo kwenye mwongozo wake SP 800-84 wa mwaka 2006: zoezi la mezani ni la kujadili, na lipo jingine ambalo watu hutekeleza majukumu yao kana kwamba tukio linatokea kweli. Kila kimoja kina jina lake na kina kazi yake.

Basi waandaaji, naomba kwa heshima: siku mbili za slaidi ziiteni semina. Watu watakuja tu, na watajua wamejia nini. Na wewe kijana wangu, kwenye wasifu andika semina nne, maana mwajiri atakuuliza ulifanya nini nawe utakuwa na jibu la kweli. Ukialikwa tena warshani, uliza kabla ya kujiandikisha: laptopu yangu iwe na RAM kiasi gani? Aliyeandaa warsha atakujibu papo hapo, kwa sababu amekwisha kuziendesha mashine pepe zake na anajua zinakula kiasi gani.