Furu anayetafuna konokono hatoshi kumaliza kichocho bwawani

Wafugaji wa samaki kutoka Magu, Misungwi na Sengerema hutuuliza mara kwa mara: nikipanda furu wanaokula konokono kwenye bwawa langu, kichocho kitakwisha? Swali lina msingi, maana minyoo ya kichocho hupitia kwa konokono, na Ziwa Victoria lina furu ambao riziki yao ni konokono.

Wapo wanaomvizia konokono akiwa ametoa mguu nje, wakaung'ata na kumchomoa kwenye gamba. Wengine, kama yule anayeitwa kitaalamu Astatoreochromis alluaudi, humpondea kooni pamoja na gamba lake. Mpasue samaki huyu nyuma ya matamvua. Utakuta mfupa wa pembetatu, mdogo wa kukaa kwenye ncha ya kidole, umepangwa meno ya duara kama magego. Hicho ndicho kinu chake.

Kinu hicho hukomaa kwa kazi. Mwaka 1965 mtaalamu wa samaki P. H. Greenwood alieleza kwamba samaki wa aina hiyohiyo akikulia kwenye chakula laini, mfupa wa koo hubaki mwembamba na meno yake madogo. Kwa hiyo ukimwaga pumba na dagaa waliosagwa kila asubuhi, unakuza furu asiye na haja ya kuhangaika na gamba gumu, na mwishowe hata uwezo wa kulivunja unapungua. Furu hawa walipandwa kwenye mabwawa ya Kenya na Kameruni kwa ajili ya kazi hii, na matumaini hayakutimia.

Halafu kuna konokono mwenyewe. Anayebeba kichocho cha tumbo, Biomphalaria, ni mdogo na bapa, umbo la kata ya kubebea ndoo. Hukaa ukingoni katikati ya magugu, ambako samaki hapenyi. Geuza jani linaloelea, utaona mayai yake yamenata chini kama tone la ute. Tena ana jinsia zote mbili na anaweza kujirutubisha mwenyewe: akibaki mmoja, bwawa linajaa upya. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko hata habari ya kinu.

Basi nguvu ziende ukingoni. Fyeka magugu, chimba kingo ziwe wima ili pasiwe na maji ya kina kifupi, na jenga choo mbali na bwawa, kwa sababu konokono huambukizwa na mayai yanayotoka kwenye kinyesi chetu. Vijidudu vya kichocho humtoka konokono mchana, hasa jua linapokuwa kali, na hupenya ngozi kwa dakika chache. Anayevuta wavu avae mabuti marefu ya mpira.

Ukiona damu kwenye choo, au kama umezoea kuingia bwawani, nenda kituo cha afya ukapimwe. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo iliyomo mwilini, lakini haikukingi ukiingia tena majini kesho yake.