Nyumba ya Vyumba Sita Shela, Nani Ataidukua?

Ukizungumza na wenye nyumba za wageni Lamu kuhusu usalama wa kompyuta, jibu ni hilohilo: sisi wadogo, wadukuzi watatutafutia nini?

Ukweli: hawakutafuti. Programu zao huzunguka zenyewe kwenye intaneti zikijaribu kila mlango. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilienea katika nchi zaidi ya 150 ndani ya siku chache, vikifunga mafaili na kudai dola 300 za Bitcoin kwa kila kompyuta. Microsoft ilikuwa imeziba tundu la Windows vilimopitia tangu Machi. Wengi walioumia hawakuwa wamesasisha Windows zao. Na zile Windows za kuchakachua tunazowekewa kwa bei ya chai, mara nyingi masasisho yake yamezimwa makusudi.

"Wakitufungia, tutalipa yaishe." Hayaishi. Juni 2017 virusi vingine, NotPetya, vilijifanya vya kudai fidia, kumbe viliundwa kuharibu. Aliyelipa alipoteza mara mbili. Siku hizi wengi wao hunakili data kwanza, ndipo waifunge. Hata wakikufungulia, picha za pasipoti za wageni wako wanabaki nazo.

"Nina bekapu, hadi diski imechomekwa usiku na mchana." Hii ndiyo dhana inayonitia hofu zaidi, kwa sababu mwenye nayo hulala usingizi mzuri. Virusi hufunga kila kinachofikiwa na kompyuta ile, diski hiyo ikiwemo. Folda ya mtandaoni inayojisawazisha nayo hupokea faili lililoharibika na kuliweka mahali pa lile lililokuwa salama, isipokuwa huduma yako inatunza matoleo ya nyuma. Maersk, kampuni ya meli ya Denmark, ilijifunza hivyo kwa NotPetya. Seva zake muhimu (kompyuta kuu zinazohudumia nyingine) zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe, zikafutika pamoja. Ilisalimika moja tu, Ghana, kwa kuwa stima ilikuwa imekatika na haikuwa mtandaoni. (Sisi tunaokatikiwa na stima katikati ya kuandika risiti tunaruhusiwa kucheka kidogo.)

Basi uwe na diski mbili. Ukimaliza kunakili, chomoa. Moja ikae nyumba nyingine, hata Mkomani kama ofisi iko Shela. Kisha jaribu kurudisha faili moja uone kama linafunguka. Wengi hawajawahi.

"Antivirusi inatosha." Haitoshi ikiwa mtu wa mapokezi mwenyewe ndiye anayefungua kiambatisho cha "malalamiko ya mgeni", au neno la siri la barua pepe ndilo hilohilo la Wi-Fi lililobandikwa ukutani. Washa uthibitisho wa hatua mbili (neno la siri pamoja na msimbo wa simu) kwenye barua pepe leo.

"Yakitokea, tutayamaliza kimyakimya." Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 tangu ugundue kuwa data imevuja na wenye data wanaweza kudhurika. Faini hufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, kilicho kidogo. Wala usijifiche nyuma ya udogo: kanuni za 2021 huwasamehe kujisajili kwa Kamishna huyo wenye mapato ya mwaka chini ya shilingi milioni 5 na wafanyakazi wasiofika 10, lakini biashara za hoteli na malazi hazimo kwenye msamaha huo. Waongoza watalii hawabanwi na sharti hilo la kunyimwa msamaha. Anayelaza wageni, hapana.