Kuandika mtandaoni kila wiki: yanayosemwa na yalivyo kweli

Kila nikimwambia mtu kwamba naandika mtandaoni kila wiki na huu ni mwaka wa sita, swali la kwanza ni lile lile, wanakulipa bei gani? Nikisema silipwi anakaa kimya kidogo halafu anauliza, sasa unapata nini? Swali zuri kabisa, na nadhani huwa halijibiwi vizuri kwa sababu kuna vitu vingi watu wanaviamini kuhusu hii tabia ambavyo haviko hivyo, vingine niliviamini mwenyewe na ndo vilinifanya niache mara mbili huko mwanzoni.

Tuanze na hiyo hiyo ya hela na wafuasi. Wapo wanaopata, sikatai, na wanastahili. Ila hiyo ni faida iliyo mikononi mwa watu wengine na algorithimu, yaani ile programu ya mtandao inayochagua nani aone posti ipi, leo inakubeba kesho inakuacha na wewe hujabadilisha chochote. Mimi naongelea faida unayoipata hata kabla hujabonyeza kuposti.

"Subiri kwanza uwe mtaalamu ndo uandike"

Hii imewazuia watu wengi kuliko zote, na kiukweli mambo ni kinyume chake, unaandika ndo unajua.

Miaka mitatu iliyopita nilitaka kuandika kitu kifupi tu kuhusu mikopo, nilikuwa nimeshakopa na nikajiona mambo ya riba nayaelewa. Nikaandika sentensi mbili zikatoka safi. Ya tatu ilikuwa inaanza "kwa hiyo riba ya asilimia 10 maana yake ni" nikakwama hapo, nikafuta, nikaanza tena, nikakwama pale pale. Ikabidi nichukue kalamu nipige hesabu. Umekopa elfu 12 kwa mwaka mmoja, unarudisha elfu moja moja kila mwezi, achilia mbali riba. Kama riba inapigwa kwenye mkopo wote wa mwanzo, utalipa riba 1,200 na utakuwa unaendelea kulipia hata ile sehemu uliyokwisha kuirudisha. Kama inapigwa kwenye salio lililobaki, mwezi wa kwanza riba ni 100, wa pili kama 92, wa tatu 83, inashuka hivyo hivyo mpaka mwezi wa 12, na jumla yake ni 650. Asilimia 10 ile ile! Moja inakaribia mara mbili ya nyingine, na mimi nilikuwa nimeshasaini makaratasi bila kujua ya kwangu ni ipi kati ya hizo mbili. Nilikuwa nimesoma habari za riba mara nyingi tu na kila nikisoma natikisa kichwa kwamba sawa, nimeelewa, kumbe kuelewa unaposoma na kuelewa unapotakiwa kueleza ni vitu viwili tofauti.

Hili lina maelezo yake. Mwaka 1978 wanasaikolojia Norman Slamecka na Peter Graf walionyesha kwamba neno ulilolitoa kichwani mwako mwenyewe, hata kama umepewa herufi ya kwanza tu na dokezo, unalikumbuka kuliko neno lile lile ukiwa umelisoma tu. Sasa fikiria mtu ambaye kila wiki anatoa aya tano sita kichwani mwake kuhusu kitu anachojaribu kukielewa, akifanya hivyo mwaka mzima anakuwa ameshika mambo mengi sana bila hata kukaa chini kusema anasoma.

Utaniuliza, si ungeandika tu kwenye daftari? Daftari nalo lina kazi yake na nitalirudia hapo chini. Lakini kwenye daftari langu ningeandika "riba 10%" nikaendelea na maisha, hakuna ambaye angeniuliza kumi ya nini. Ukijua kuna mtu usiyemjua atasoma, hata kama ni mmoja, unaanza kumsikia akikuuliza wakati bado unaandika, na huyo msomaji wa kichwani ndo anakufanya urudi nyuma uangalie kama unachosema ni kweli. Kwangu mimi hii ndo faida kubwa kuliko zote, nyingine zote zinafuata.

Na kuhusu utaalamu, Agosti 1991 mwanafunzi wa Helsinki aliyekuwa na miaka 21, Linus Torvalds, aliandika ujumbe mfupi mtandaoni kwamba anatengeneza mfumo endeshi wa kompyuta, ni hobi tu, hautakuwa kitu kikubwa, akaomba watu waseme wangependa uwe na nini. Ndo hiyo Linux ambayo leo kiini chake kipo ndani ya kila simu ya Android. Hakuandika kama bingwa anayefundisha watu, aliandika akiwa katikati ya kazi isiyoisha na watu wakamjibu wakamsaidia. Simaanishi kila mtu yatamkuta ya Linus, namaanisha kwamba kusema wazi "niko hapa, bado sijamaliza" kunafungua milango ambayo kukaa kimya hakufungui.

"Hakuna laiki, hakuna komenti, basi hakuna anayesoma"

Hapana. Jakob Nielsen, mtaalamu wa namna watu wanavyotumia tovuti, mwaka 2006 aliandika kuhusu makadirio yanayojulikana kama 90-9-1, kwamba kwenye jamii nyingi za mtandaoni kama asilimia 90 ya watu wanasoma tu bila kusema kitu, 9 wanachangia mara moja moja, na 1 ndo wanaoandika karibu kila kitu. Ni makadirio, kila mahali kuna tofauti yake, ila jiangalie wewe mwenyewe leo umesoma vitu vingapi na umeacha neno kwenye vingapi?

Ile makala yangu ya riba ilipata laiki nne. Miezi minane baadaye mtu nisiyemjua kabisa akaniandikia inboksi kwamba alikuwa amekaa ofisini kwa watu na fomu ya mkopo iko mezani, akakumbuka zile 1,200 na 650, akauliza riba yenu inapigwa kwenye nini, na jibu alilopewa likamfanya aweke kalamu chini. Nilisoma ule ujumbe mara tatu. Hakulaiki hata siku moja huyo, nilienda kuangalia.

"Andika tu yaliyokuumiza, ukiposti utapona"

Hapa naomba twende taratibu maana watu wanaumia. Ni kweli kuna utafiti maarufu wa mwaka 1986 wa James Pennebaker na Sandra Beall, wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku 4 mfululizo, na wale walioandika mambo mazito yaliyowapata pamoja na hisia zao walienda zahanati ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Lakini kuna mambo yanarukwa. Kwanza mara baada ya kuandika walikuwa na huzuni zaidi, nafuu haikuja palepale. Pili tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba kwa wastani faida ni ndogo, wengine inawasaidia wengine hapana. Na kubwa kuliko zote, wale wanafunzi hawakuwa wanaandikia umma, hakukuwa na komenti za watu wasiowajua chini ya machungu yao.

Kwa hiyo la moto linaenda kwenye daftari au faili lisiloonekana na mtu, likipoa ndo unaamua kama kuna sehemu yake ya kushea. Na usijiambie nitafuta baadaye, Internet Archive imekuwa ikihifadhi nakala za kurasa za mtandao tangu 1996, na mtu yeyote anaweza kupiga picha ya skrini kwa sekunde mbili. Likihusu na mtu mwingine, mwanao, mwenzako, bosi wako, ongeza muda wa kulipooza, hilo si lako peke yako.

"Siku 21 tu inakuwa tabia, ukikosa moja unaanza upya"

Hii namba 21 chanzo chake ni daktari wa upasuaji Maxwell Maltz, ambaye mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau kama siku 21 kuzoea sura zao mpya. Sura mpya jamani, si tabia ya kuandika! Phillippa Lally na wenzake wa University College London ndo walifuatilia watu 96 wanaojenga tabia mpya na matokeo yakatoka 2009, wastani ni siku 66, makadirio ya chini 18 na ya juu 254. Na kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana.

Mimi hili ningelijua mapema nisingeacha zile mara mbili, maana zote ziliisha hivyo hivyo, nimekosa wiki moja nikaona nimeshaharibu, bora niache. Mwaka huu niliuguza mtu nyumbani nikakaa wiki tano sijaandika hata mstari. Jumapili moja akalala mapema, nikafungua simu, nikaandika aya mbili kuhusu namna ya kusoma maelekezo ya dawa yanaposema mara tatu kwa siku, kwamba kwa baadhi ya dawa wanamaanisha kila baada ya saa nane na si asubuhi mchana jioni, ila muulize mfamasia. Nikiwa naandika nikagundua dozi za mgonjwa wangu nilikuwa nazibananisha zote mchana, halafu usiku kucha hapati kitu. Asubuhi nilipiga simu kwa mfamasia kwanza, aya zile nikaziposti baadaye.