Mtafiti akiikosoa serikali, hajaingia siasa

Barazani hapa Unguja, mtafiti akilalamikia sera ya utafiti utasikia: "Huyo keshaingia siasa." Si kweli, na dhana hiyo inatuumiza.

Tazama Kanada. Julai 2012 wanasayansi waliandamana Ottawa na jeneza, wakiomboleza "kifo cha ushahidi". Hawakudai chama fulani kipewe nchi. Walipinga watafiti wa serikali kuzuiwa kusema na waandishi wa habari, na maziwa ya maji baridi ya jimbo la Ontario, yaliyofanyiwa majaribio na kuchunguzwa tangu 1968, kukatiwa fedha.

Kwetu, kumbuka mbung'o. Miaka ya 1990 madume walifugwa Tanga, wakafanywa tasa kwa mionzi, kisha wakamwagwa kwa ndege juu ya Unguja. Jike akipandwa na dume tasa hazai. Mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa hakina tena mbung'o, na ng'ombe wetu wakapona nagana, maradhi yanayoenezwa na mbung'o. Lakini kazi ile ingekatishwa njiani, majike wachache waliobaki wangezaana upya na fedha yote ingepotea. Anayesema "msikate bajeti katikati" anasema hilo tu. Naye akikosea, ajibiwe kwa vipimo, asiulizwe kadi ya chama.

Leo wakulima wa mwani, wengi wao akina mama, wanaona kotonii, aina ya mwani wanaoulima, ikifa maji yakizidi joto. Kujua bahari imebadilika kiasi gani kunataka vipimo vya miaka mfululizo. Vikikatika, nani atasema kama si anayevipima?