Kwa nini wachoraji wa zamani walipenda magofu

Jengo zima ni bahili kwa mchoraji. Kuta zimefunga, paa limeziba, na mistari imenyooka kiasi kwamba mkono ukiteleza kidogo tu, kosa linaonekana. Gofu ni karimu. Tao likikatika, unene wa ukuta unabaki wazi, tofali juu ya tofali. Paa likiporomoka, mwanga unashuka hadi kwenye sakafu iliyokuwa gizani. Ukisimama mahali pamoja unaona nje na ndani. Na jiwe lililolika halidai rula: mstari unaotetemeka ndio sahihi.

Maarten van Heemskerck, Mholanzi, alifika Roma mwaka 1532 akakaa miaka michache, akichora karibu kila kilichosimama na kilichoanguka. Mimi hurudi kutazama michoro yake ya Kanisa la Mtakatifu Petro. Kanisa la zamani lilikuwa linabomolewa huku jipya likipanda palepale. Matao mapya yamesimama bila kuba, na usipoambiwa utadhani ni mabaki ya kale, kumbe ni ujenzi unaoendelea.

Sogea karibu na mchoro wa aina hii. Penye mwanga mkali hapajaguswa kabisa. Ni karatasi tupu. Kivuli kimepakwa kwa brashi, kwa wino uliozimuliwa kwa maji. Wino uliotumika sana enzi hizo, wa vinundu vinavyoota kwenye mti wa mwaloni na chumvi ya chuma, ulikuwa mweusi. Rangi ya kahawia ambayo wageni wa makumbusho yetu huisifu imeletwa na miaka, na pengine wino huohuo hutafuna karatasi mpaka ikatoboka. Mwanga nao huufifisha, ndiyo maana sisi watunzaji tunaonyesha michoro hii chini ya taa hafifu, miezi michache tu, kisha tunairudisha kabatini. Msituone wachoyo.

Giovanni Battista Piranesi (1720–1778), Mwitaliano, alichonga mandhari ya Roma kwenye bamba za shaba, akapiga chapa nyingi zilizouzwa kwa wasafiri. Katika mojawapo, Tao la Septimius Severus, lililojengwa mwaka 203 kwa heshima ya kaisari huyo wa Roma, limezama ardhini kwa kiasi kikubwa. Hakubuni: udongo ulikuwa umejaa hivyo kweli, na ulikuja kuchimbuliwa karne ya 19. Ila watu aliowaweka chini ya majengo yake ni wadogo mno, vijitu vinavyorusha mikono, na kwa hila hiyo jiwe linakuwa mlima. Kuhusu udongo mwamini. Kuhusu ukubwa, mpunguzie.

Wengine waliharibu hata majengo mazima, kwa brashi tu. Hubert Robert, Mfaransa aliyekaa Roma miaka 11, alichora mwaka 1796 ukumbi mkubwa wa Louvre, jumba la makumbusho la Paris, ukiwa umebomoka. Mwaka 1830 Mwingereza Joseph Gandy alichora kwa rangi za maji Benki ya Uingereza, kazi ya msanifu John Soane, ikionekana kutoka angani, mapaa yameondoka na kuta zimekatwa. Wapo wanaoona maangamizi. Mimi naona pia msanifu anayefunua kifuniko ili tuone vyumba vilivyopangwa ndani, jambo ambalo mchoro wa jengo zima usingeweza. Benki yenyewe ilikuwa ikiendelea na kazi zake, na Soane alikuwa bado hai.